Sahara Magharibi: nani anatawala, nani mwenye nchi, na nani apige kura

Septemba 13, 2022, Brahim Ghali, rais wa Jamhuri ya Kiarabu ya Kidemokrasia ya Sahrawi inayodai ardhi ya Sahara Magharibi, alikuwa Nairobi miongoni mwa wageni walioshuhudia William Ruto akila kiapo. Kesho yake, baada ya kumpokea waziri wa mambo ya nje wa Moroko, rais mpya wa Kenya akaandika mtandaoni kwamba nchi yake imefuta utambuzi wa jamhuri hiyo. Saa chache hazikupita, ujumbe ukaondolewa, na ndani ya wiki hiyo wizara ikaziarifu balozi kwamba Kenya bado iko na msimamo wa Umoja wa Afrika. Mei 2025 upepo ukageuka tena. Tamko la pamoja la Kenya na Moroko lililotolewa Rabat likaeleza kuwa mpango wa Moroko wa kuipa Sahara mamlaka ya ndani ndiyo njia pekee ya kuaminika.

Kenya haiko peke yake. Komoro ilifungua ubalozi mdogo Laâyoune, mji wa Sahara Magharibi ulio chini ya Moroko, mwishoni mwa 2019, Burundi ikafuata Februari 2020, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ikafungua wake Dakhla Desemba 2020. Tanzania iliitambua jamhuri ya Wasahrawi mwaka 1978, na utambuzi huo haukuizuia kumkaribisha Mfalme Mohammed VI wa Moroko kwa heshima zote Oktoba 2016. Msomaji anayefuatilia habari hizi ana haki ya kuuliza: hii ni nchi, au ni mkoa wa nchi nyingine?

Jibu linapotea kwa sababu watu huchanganya maswali matatu. Nani anaiendesha ardhi hiyo leo? Nani ana haki nayo kisheria? Na nani hasa anastahili kuulizwa? Kila swali lina jibu lake, na majibu hayo hayakubaliani.

Ardhi na mipaka yake

Sahara Magharibi ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 266,000, kubwa kuliko Uganda. Pwani yake kwenye bahari ya Atlantiki ina urefu wa kilomita 1,100 hivi. Haina hata mto mmoja wa kudumu. Mvua ni ya kubahatisha, na mkondo baridi wa bahari unaoshuka kutoka upande wa visiwa vya Canary huleta ukungu unaofika nchi kavu bila kunyesha. Mkondo huohuo, pamoja na pepo zinazosukuma maji ya juu na kuyapandisha yale ya chini yenye rutuba, umeifanya bahari hii kuwa miongoni mwa zenye samaki wengi zaidi duniani. Sadini na pweza wanaoishia katika maghala ya Ulaya na Asia huvuliwa hapa. Nchi kavu ni jangwa, baharini ndiko shambani.

Hazina nyingine ni fosfeti ya Bou Craa. Mkanda wa kusafirishia mawe hayo unakatiza jangwa kwa karibu kilomita 100 hadi bandari ya Laâyoune, na vumbi jeupe linalopeperuka kutoka kwenye mkanda limeacha mstari unaoonekana kwenye picha za setilaiti. Wengi hudhani fosfeti hiyo ndiyo chanzo cha mgogoro wote. Kwa kweli, Bou Craa hutoa sehemu ndogo tu ya fosfeti ya Moroko. Migodi mikubwa iko kaskazini, karibu na Khouribga. Mbolea inayofika kwa wakulima wetu inaipa Rabat nguvu ya kidiplomasia, lakini Moroko ingekuwa na nguvu hiyo hata bila Sahara.

Mipaka ilichorwa na Ufaransa na Uhispania mwanzoni mwa karne ya 20, zaidi kwa rula. Kaskazini ni mstari ulionyooka wa latitudo 27°40'. Kusini kabisa, rasi ya Nouadhibou imepasuliwa kwa urefu: upande wa mashariki ni mji wa Mauritania wenye bandari ya chuma, upande wa magharibi ni La Güera, mji mtupu uliofunikwa na mchanga. Ukitaka kuona mistari hiyo iliwagharimu watu nini, tazama reli ya Mauritania inayoshusha chuma kutoka Zouérat. Miaka ya mwanzo ya 1960 Wafaransa walichimba handaki la karibu kilomita mbili katika mwamba mgumu huko Choum, kwa sababu tu njia rahisi ya tambarare ingekatiza kona ya ardhi ya Wahispania. Handaki hilo halitumiki tena. Treni leo hupita tambarare, ndani ya kipande cha Sahara Magharibi.

Mkoloni aliondoka bila kukabidhi

Uhispania ilidai pwani hii mwaka 1884, ikaifanya mkoa wake mwaka 1958. Umoja wa Mataifa uliiweka kwenye orodha ya maeneo yasiyojitawala mwaka 1963, na hadi leo haijatolewa. Mwaka 1974 Wahispania walihesabu watu wapatao 74,000 wakijiandaa kwa kura ya maoni. Hesabu hiyo, iliyofanywa haraka miongoni mwa wafugaji wanaohama na ngamia, ndiyo iliyokuja kubeba mzigo wote wa mgogoro.

Oktoba 16, 1975 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni yake. Ilikubali kwamba baadhi ya makabila ya Sahara yaliwahi kumtii Sultani wa Moroko, na kwamba palikuwa na mahusiano pia na Mauritania. Lakini ikasema mahusiano hayo hayakuwa umiliki wa ardhi, wala hayaondoi haki ya watu wa huko kujiamulia. Wiki tatu baadaye Mfalme Hassan II akawatuma raia wapatao 350,000 kuvuka mpaka katika Maandamano ya Kijani. Franco, mtawala wa Uhispania, alikuwa mahututi. Novemba 14, Uhispania ikasaini makubaliano ya Madrid, ikawaachia utawala Moroko na Mauritania. Februari 27, 1976, siku moja baada ya Mhispania kuondoka, Polisario, harakati ya ukombozi ya Wasahrawi, ikatangaza jamhuri.

Mauritania ilichoka na vita ikajitoa mwaka 1979. Moroko ikachukua na sehemu yake. Kati ya 1980 na 1987 jeshi la Moroko likajenga tuta la mchanga na mawe, awamu baada ya awamu, hadi likafika takriban kilomita 2,700, likilindwa na askari na mabomu ya ardhini. Magharibi ya tuta ni kama asilimia 80 ya ardhi, pamoja na karibu pwani yote. Mashariki ni jangwa tupu ambalo Polisario hulidhibiti. Usitishaji vita ulianza Septemba 6, 1991 chini ya ujumbe wa Umoja wa Mataifa, MINURSO, ukadumu hadi Novemba 2020 ulipovunjika kwenye kivuko cha Guerguerat.

Tawala mbili, watu wamoja

Magharibi ya tuta, Moroko hutawala kama inavyotawala kwingine. Tangu 2015 nchi imegawanywa katika mikoa 12. Miwili, Laâyoune-Sakia El Hamra na Dakhla-Oued Ed-Dahab, imebeba sehemu kubwa ya eneo linalobishaniwa. Wa tatu, Guelmim-Oued Noun, unagusa pembe ya kaskazini. Mgawanyo huo haukufuata mstari wa 27°40'. Tarfaya, ambayo Uhispania iliirudishia Moroko mwaka 1958 na ambayo hakuna anayeibishania, imeunganishwa mkoa mmoja na Laâyoune. Ndani ya utawala wa Moroko, mpaka wa kikoloni hauonekani tena.

Kila mkoa una halmashauri inayochaguliwa. Juu yake yuko wali, aliyeteuliwa na Mfalme, mwenye kusimamia usalama na watumishi wa serikali. Wasahrawi wengi wamo katika halmashauri hizo, na uchaguzi wa 2021 ulivuta wapiga kura wengi kwa kiwango kilichozidi wastani wa taifa. Barabara mpya ya Tiznit hadi Dakhla ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, bandari kubwa inajengwa kaskazini ya Dakhla, maji ya bahari yanasafishwa yanywewe, na mafuta ya gari ni rahisi kuliko Casablanca. Haya ni maendeleo ya kweli. Kuyakana ni kujidanganya.

Lakini katiba ya Moroko hairuhusu chama kinachopinga umoja wa ardhi ya nchi. Mtu anaweza kugombea kuhusu barabara, maji na leseni za uvuvi, ila si kuhusu swali linalomfanya Msahrawi kuwa Msahrawi kisiasa. Wanaolisema hadharani hukamatwa. Kambi ya maandamano ya Gdeim Izik ilivunjwa kwa nguvu Novemba 2010, na watu waliohukumiwa kwa vifo vya askari siku hiyo walipewa vifungo virefu, baadhi maisha.

Upande wa pili, karibu na Tindouf nchini Algeria, jamhuri inatawala wakimbizi. Kambi zake tano zina majina ya miji ya nyumbani: Laayoune, Smara, Awserd, Boujdour na Dakhla. Dakhla ya kwao iko kwenye rasi iliyoingia baharini. Dakhla ya wakimbizi iko ndani kabisa ya jangwa, mbali na nyingine zote, na watoto wake wengi hawajaona bahari. Kambi hizo huitwa wilaya, kila moja ikagawanywa katika daira zenye zahanati na viongozi wake. Wizara ziko Rabouni. Wakati wa vita wanaume walipokuwa mstari wa mbele, wanawake ndio walioendesha shule, mgao wa chakula na afya, na mfumo huo umeendelea kusimama kwa karibu nusu karne. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 yalikuwa watu 173,600, ila sensa kamili haijawahi kufanyika licha ya kuombwa mara nyingi, na Moroko hudai idadi imetiwa chumvi.

Utawala huu nao una kasoro zake. Hadi uhuru upatikane, katiba yake inaitambua Polisario peke yake kuwa chombo cha siasa. Mohamed Abdelaziz aliongoza tangu 1976 hadi kifo chake mwaka 2016. Wakosoaji wamewahi kukamatwa. Na serikali isiyo na kodi wala uchumi wake, inayoishi kwa msaada wa chakula na fadhila ya Algeria, haiwezi kupanga mambo yake bila kumtazama mwenyeji.

Hoja ya Rabat

Moroko inasimama juu ya miguu mitatu: historia ya utii kwa Sultani, utawala wake wa karibu miaka 50, na mpango wa mamlaka ya ndani iliouwasilisha Aprili 2007. Kwa mpango huo, Sahara ingekuwa na bunge, serikali, mahakama na kodi zake, na mapato ya maliasili yangetengwa kwa ajili yake. Bunge lingechanganya wajumbe wanaochaguliwa na makabila na wanaochaguliwa kwa kura za wote. Dola ya Moroko ingebaki na ulinzi, mambo ya nje, bendera na sarafu, na Mfalme angebaki na uongozi wa kidini. Kiongozi wa serikali ya mkoa angechaguliwa na bunge lake kisha kusimikwa na Mfalme.

Nguvu ya hoja hii ni uhalisia. Hakuna jeshi linaloweza kuiondoa Moroko nyuma ya tuta lile, na kizazi kizima cha Wamoroko kimezaliwa Laâyoune na hakina kwao pengine. Mataifa makubwa yamelielewa hilo kwa namna yao: Marekani ilitambua mamlaka ya Moroko Desemba 2020, Uhispania ikaunga mkono mpango mwaka 2022, Ufaransa mwaka 2024, Uingereza mwaka 2025. Oktoba 31, 2025 Baraza la Usalama likapitisha azimio 2797 kwa kura 11, likiufanya mpango huo msingi wa mazungumzo. Urusi, China na Pakistan zilijizuia. Algeria haikupiga kura.

Udhaifu wake ni kwamba historia ambayo Moroko iliileta ilishapimwa mahakamani mwaka 1975 ikaonekana haitoshi. Na muda wa kukaa, peke yake, hauzai haki. Ungekuwa unazaa, Afrika isingekuwa na sababu ya kudai Namibia.

Hoja ya Polisario

Polisario inasimama kwenye kanuni ambazo Afrika huru ilijiwekea: mipaka ya wakoloni iheshimiwe, kama ilivyokubaliwa Cairo mwaka 1964, na kila koloni lipewe nafasi ya kujiamulia. Kwa upande wa sheria, hoja yake ndiyo nzito. Oktoba 4, 2024 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha mikataba ya uvuvi na kilimo kati ya Umoja huo na Moroko kwa sababu watu wa Sahara Magharibi hawakuridhia. Tikiti na nyanya za Dakhla, ilisema, haziwezi kuuzwa Ulaya kwa lebo ya Moroko.

Kwetu, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilitoa hukumu yake Septemba 22, 2022, siku nane baada ya ule ujumbe wa Nairobi. Mlalamikaji raia wa Ghana alizishtaki nchi nane, Tanzania ikiwamo, kwamba kuirudisha Moroko kwenye Umoja wa Afrika mwaka 2017 kulivunja haki za Wasahrawi. Mahakama haikuzitia hatiani. Lakini ilisema waziwazi kwamba kuikalia ardhi hiyo hakupatani na haki ya kujiamulia, na kwamba nchi zote zina wajibu wa kusaidia suluhu. Hukumu hiyo ilistahili kusomwa zaidi ya ilivyosomwa.

Udhaifu wa Polisario ni wa aina nyingine. Zaidi ya nchi 80 ziliwahi kuitambua jamhuri yake, nyingi zikarudi nyuma. Vita vilivyorejea mwaka 2020 havijasogeza tuta hata kidogo. Na haijajibu vizuri swali moja: maelfu ya Wamoroko waliozaliwa Laâyoune watakuwa nani siku ya uhuru?

Kura iliyokwama kwenye daftari

Hapa ndipo kiini cha mgogoro kilipo, na ndipo mijadala mingi hupita haraka. Kura ya maoni haikushindikana kwa sababu watu hawakuitaka. Juni 1981, kwenye mkutano wa wakuu wa OAU, umoja uliotangulia Umoja wa Afrika, jijini Nairobi, Hassan II mwenyewe aliikubali, na Kenya na Tanzania zikaingia katika kamati ya utekelezaji. Moroko ilijitoa OAU mwaka 1984 baada ya Wasahrawi kupewa kiti, katika mkutano uleule wa Addis Ababa uliomchagua Mwalimu Nyerere kuwa mwenyekiti, lakini ahadi ya kura iliendelea chini ya Umoja wa Mataifa.

Iliyokwama ni orodha. Polisario ilitaka waliohesabiwa 1974 na vizazi vyao. Moroko ilileta maelfu ya watu wa makabila yaliyohamia kaskazini zamani, ikisema nao ni Wasahrawi. Pande zote mbili zilijua kwamba atakayeamua daftari ameamua matokeo. Kwa miaka kadhaa, tume ya utambuzi iliwakalisha wazee wa koo pamoja, kila upande na wake, wakiulizwa kama mtu aliyesimama mbele yao ni mtoto wa nani na baba yake alichunga wapi. Waombaji walikuwa karibu 198,000. Waliokubaliwa walikuwa takriban 86,000. Rufaa zilizidi 130,000, na kila moja ilihitaji kusikilizwa.

Mwaka 2003 James Baker, mjumbe wa Umoja wa Mataifa, alileta njia ya kati: miaka michache ya mamlaka ya ndani, kisha kura ambayo hata wakazi waliohamia kutoka Moroko wangeshiriki. Polisario ilikubali kwa uchungu. Moroko ilikataa. Jambo hili lina uzito mkubwa katika mizani yangu. Serikali iliyokataa kura ambayo watu wake wenyewe wangekuwa wengi ilikuwa na hofu na kura yenyewe, chochote ambacho daftari lingesema.

Mamlaka ya ndani kwenye mizani

Msomaji wa Zanzibar atajiuliza kama mamlaka ya ndani hayatoshi. Yanaweza kutosha. Swali ni dhamana. Zanzibar iliingia Muungano ikiwa dola. Ina rais anayechaguliwa na Wazanzibari, na katiba yake tangu 2010 inataka kura ya maoni kabla ya kugusa baadhi ya vifungu. Hata hivyo kero za Muungano hazijaisha. Sahara ingeanza bila msingi huo, na kiongozi wake angesubiri kusimikwa na Mfalme.

Mfano wa kutisha zaidi ni Eritrea. Mwaka 1952 ilipewa mamlaka ya ndani ndani ya Ethiopia kwa mpango wa Umoja wa Mataifa wenyewe, ikiwa na bunge na bendera. Mwaka 1962 Haile Selassie akaufuta. Vita iliyokuwa imeshaanza ikaendelea hadi 1991. Moroko inasema mpango wake utaingizwa kwenye katiba ili udumu, na hilo ni jambo jema. Lakini katiba ambayo Mfalme anaweza kuanzisha marekebisho yake ni dhamana ya upande mmoja. Haimtaji mtu wa nje atakayesimama siku ahadi itakapovunjwa.

Kwa hiyo naona hivi. Uhuru kamili uko mbali kutokana na nguvu zilizopo, na anayewaambia vijana wa Tindouf warudi vitani ili waupate anawapeleka kufa. Mamlaka ya ndani yanaweza kuwa suluhu ya haki, kwa sharti kwamba wale wanaohusika, wa Laâyoune na wa kambini, wayakubali wenyewe kwa kura yenye uwezekano halisi wa kukataa, na kwamba pawepo mdhamini asiye Moroko wala Algeria. Umoja wa Afrika, ambao una Rabat na jamhuri ya Wasahrawi mezani pamoja, ungefaa kuwa mdhamini huyo. Badala yake umejiweka pembeni, na nchi zetu zimekuwa zikiamua moja moja kwa kuangalia mbolea na mikopo.

MINURSO imeongezewa muda hadi Oktoba 31, 2026. Mpango wa 2007 wenyewe unasema utapelekwa kwa wananchi wanaohusika katika kura huru. Hausemi nini kitatokea wakijibu hapana. Nchi iliyosaini kwamba huo ndio mpango pekee wa kuaminika, Kenya ikiwamo, ina nafasi ya kuiuliza Rabat swali hilo moja na kutaka jibu la maandishi kabla ya muda huo kwisha.